Usukani, Oili na Umeme: Tatizo la Istilahi Moja ya Ufundi



Neno usukani lilikuwa la bahari kabla halijawa la barabara. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kifaa cha kuongozea chombo, kile kilichopo tezini. Magari yalipokuja, Waswahili hawakungoja kamati. Walilipandisha neno pwani, kama walivyomtoa rubani chomboni wakampeleka kwenye ndege.

Ugumu ulianza usukani ulipopata msaidizi. Mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilianza kuuza magari ya Imperial yenye usukani uliosaidiwa na oili. Katika mfumo huo wa haidroliki, injini huzungusha pampu kwa mkanda, pampu husukuma oili kwa shinikizo, na oili hiyo humpunguzia dereva uzito wa kukata kona. Kasoro yake ni kwamba pampu huzunguka wakati wote injini inapofanya kazi, hata gari likienda moja kwa moja, na hivyo hula mafuta bure.

Wahandisi wakauondoa mkanda. Pampu ikapewa mota yake ya umeme, na kompyuta ikapewa kazi ya kuamua mota izunguke kwa kasi gani kulingana na mwendo wa gari na jinsi dereva anavyozungusha usukani. Toyota MR2 ya miaka ya 1990, ambayo injini yake imekaa nyuma ya viti, ilitumia mfumo wa namna hii. Baadaye ukaenea mfumo wa tatu, ambamo mota husaidia usukani yenyewe, bila oili hata tone.

Sasa tuutazame msemo "usukani wa umeme". Kisarufi hauna dosari. Lakini kihusishi -a ni kikarimu mno: hakituambii kama umeme unasukuma usukani wenyewe au unazungusha pampu tu. Fundi akiufasiri kwa maana ya kwanza, hatakagua kiwango cha oili. Ikivuja, pampu itazunguka kavu hadi iharibike, na dereva atajikuta na usukani mzito katikati ya kona. Hapo utata si zoezi la darasani tena.

Kusema "nguvu ya maji" kuna hatari nyingine, kwani yupo atakayejaza maji kweli. "Mafuta" nalo hutuchanganya na dizeli na petroli. Kiowevu ni neno zuri la maabara, ila sijamsikia fundi akiliagiza dukani. Oili ndiyo inayojulikana, na sioni sababu ya kuionea haya kwa kuwa ni mkopo. Usukani nao ni mkopo.

Napendekeza, basi, tuseme usukani wa oili wenye pampu ya umeme. Najua mtasema ni mrefu. Ni kweli, na gereji zitaukata, kama zinavyokata kila kitu kirefu. Kazi yetu ni kuuunda kwa namna ambayo hata ukikatwa, kitakachobaki midomoni ni pampu; maana anayesikia pampu huuliza papo hapo inasukuma nini. Istilahi ya mfumo wa tatu, usio na oili, naiacha kwenu tuijadili katika muda wa maswali uliobaki.