Fungu la Watoto Katika Daftari la Mashine: Biashara Ndogo ya Familia na Msaada kwa Watoto Wenye Uhitaji



Mada niliyopewa inahusu biashara ndogo za familia na asasi zinazohudumia watoto wenye uhitaji. Nitazungumzia Tanzania, na nitatumia mfano mmoja: mashine ya kukoboa na kusaga nafaka inayoendeshwa na baba, mama na watoto wao wakubwa, pamoja na kijana mmoja au wawili wa kuajiriwa. Biashara ya namna hii haina kitengo cha misaada kama benki au kampuni ya simu, lakini inatoa. Inatoa Ramadhani, inatoa Krismasi, inatoa jirani akifiwa. Utoaji huo una uzito mkubwa kuliko tunavyodhani, ila unapoteza nguvu kwa sababu mbili: unakuja kwa msimu, na hauandikwi popote.

Fikirieni makao ya watoto mwezi Desemba. Unga, mchele na sabuni vinaingia mpaka stoo inafurika. Ikifika Februari, kabla ya mavuno ya mikoa mingi, mahindi yamepanda bei na hakuna anayepiga hodi. Mtoto anakunywa uji kila asubuhi, si sikukuu peke yake. Kwa msimamizi wa makao, kilo 25 za unga zinazofika bila kukosa kila mwanzo wa mwezi ni bora kuliko magunia kumi ya siku moja, kwa sababu anaweza kuzipangia bajeti. Wenye mashine wanajua pia kwamba unga wa dona, ambao una lishe kuliko sembe kwa kuwa kiini na ganda havijaondolewa, haudumu. Mafuta ya kiini huchacha. Makao yakipewa dona la miezi mitatu kwa mkupuo, sehemu yake itaishia kwa kuku.

Lipo jambo zito zaidi kuhusu nafaka, nalo lazima lisemwe waziwazi. Mahindi yaliyonyeshewa au kuvunda yakikataliwa sokoni, wapo wanaosema, “Basi tuwapelekee wale watoto.” Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu wa nafaka, haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 125 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, wengi wao katika maeneo ya Makueni na Kitui. Mwaka 2016 sumu hiyohiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Anayekula kidogo kidogo kwa muda mrefu hujiweka katika hatari ya saratani ya ini. Kwa hiyo unga wa msaada utoke katika lundo lilelile la unga wa wateja. Kilichokataliwa na mnunuzi kisipelekwe kwa mtoto ambaye hana uwezo wa kukikataa.

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu biashara ya familia hufa au huishi kwa maelewano ya familia. Mara nyingi baba hutoa kimyakimya. Mama, anayeshika hesabu, anaona upungufu bila kujua sababu. Kijana anayesimamia mashine anashukiwa wizi. Baba akifariki, msaada nao unazikwa, maana hakuna mrithi aliyejua kwamba kulikuwa na ahadi. Wazee wa Pwani na Zanzibar waliliona tatizo hili mapema wakaweka wakfu: kodi ya nyumba au duka inatengwa kwa ajili ya yatima, wanafunzi au msikiti, na mali hiyo haiuzwi wala hairithiwi. Si lazima mashine ya mtaani ifike huko. Lakini ifuate ule msingi wake, kwamba fungu lijulikane na wote na lisitegemee uhai wa mtu mmoja.

Tunasema kutoa ni moyo, si utajiri, nami ninaamini hivyo. Hata hivyo, moyo bila daftari huchoka. Familia ikae, ikubaliane sehemu ya faida, na narudia kusema faida, si mauzo. Hata shilingi moja katika kila mia inatosha kuanzia. Fungu hilo liandikwe kama inavyoandikwa pango la fremu na bili ya umeme. Mwezi wa hasara lipungue na mpokeaji aambiwe mapema. Mwislamu asilichanganye na zaka yake, wala Mkristo na fungu lake la kumi, bila kuamua kwa makusudi.

Kuhusu kodi, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kifungu cha 16, inaruhusu michango kwa taasisi za hisani zinazotambuliwa kupunguzwa katika mapato yanayotozwa kodi, kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi kwa kukadiriwa kutokana na mauzo haipati nafuu hiyo. Naona si haki, na vyama vya wafanyabiashara vinapaswa kulisemea.

Nani apewe? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri atakueleza yapi yanayo. Ukifika, usiishie kuhesabu vitanda. Uliza ni watoto wangapi wamerudishwa kwa ndugu zao. Taarifa ya Save the Children ya mwaka 2009 ilieleza kwamba angalau watoto wanne kati ya watano walio katika vituo duniani wana mzazi mmoja au wote wawili hai. Mara nyingi umaskini ndio uliowatoa nyumbani. Asasi inayomsaidia bibi anayelea wajukuu kwa unga, sare na madaftari inamzuia mtoto asifike kituoni kabisa. Kufikia mwaka 2016 ada ilikuwa imeondolewa kuanzia msingi hadi kidato cha nne, lakini sare na chakula cha mchana bado vinawashinda wengi. Mimi ningeanzia huko.

Na picha za watoto wakipokea magunia, tuziache. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, mtoto ana heshima yake.

Ndugu washiriki, nawaomba mkirudi nyumbani muitishe kikao cha familia, mkubaliane kiasi, mchague asasi moja iliyo karibu mnayoweza kuitembelea kwa miguu, na kijana mmoja akabidhiwe jukumu la kupeleka fungu hilo kila mwezi na kurudi na risiti.