Mubalighi Kijana wa Madina



Mwaka 621, kabla ya Hijra, Mtume Muhammad (s.a.w.) alimtuma Yathrib kijana Mus'ab bin Umair (r.a.). Alikuwa amelelewa Makka katika neema; aliposilimu, mama yake na jamaa zake walimfungia ndani. Huko ugenini alikaa nyumbani kwa As'ad bin Zurara (r.a.), akisomesha Kurani, akisalisha, na kuwaendea watu majumbani na mabustanini mwao.

Siku moja Usaid bin Hudhair, mkubwa wa ukoo, alimjia na mkuki akimfukuza. Mus'ab hakukasirika. Alimwomba aketi asikilize; asipopendezwa, wangeondoka. Usaid akauchomeka mkuki ardhini, akaketi, na siku ile ile akasilimu.

Mus'ab alipouawa Uhud mwaka 625, shuka lake halikutosha kumfunika: kichwa kikifunikwa, miguu ilikuwa wazi.

Ndugu zangu, twaomba dua wapatikane wabalighi, lakini kijana wetu akijitolea twamwuliza mshahara. Jamaa za Mus'ab walimfunga kwa mlango; sisi tusiwafunge wetu kwa tamaa ya dunia.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe. Amin.