Afya Si Kukosa Ugonjwa Pekee

Leo sitazungumza juu ya chanjo wala maji safi. Nataka tuzungumze juu ya mawazo.

Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka wa 1948, inasema afya ni hali njema ya mwili, ya akili na ya maisha yetu na watu wengine, wala si kutougua tu. Nilikariri hayo chuoni nikapita mtihani. Kuyaelewa kulichukua muda zaidi.

Kuna mama mmoja alikuja kliniki mara tatu kwa mwezi. Kichwa, mgongo, kukosa usingizi. Tulipima presha na damu, hatukuona kitu. Kila mara nilimpa dawa ya maumivu nikaita mwingine, maana foleni ilikuwa ndefu. Mara ya nne nikamwuliza, "Mama, usingizi ukikataa huwa unawaza nini?" Alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Sista, niliacha chama."

Kibarua cha shamba la maua kilikuwa kimeisha. Akashindwa kutoa shilingi 200 za kila wiki, na kwa aibu akaacha kwenda. Tangu hapo hakuna aliyepiga hodi kwake.

Pesa zikipungua, wengi wetu tunaanza kwa kujitenga na watu, na hao ndio wangetushika mkono. Wanaume ndio hodari zaidi wa kujificha hivyo.

Wenzetu wa Zimbabwe walilishughulikia jambo hili mapema. Mwaka wa 2006 daktari wa akili, Dkt. Dixon Chibanda, alianza kuwafunza kina nyanya 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, wakae na wagonjwa kwenye benchi karibu na kliniki. Kwa Kishona ugonjwa huo huitwa kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Nyanya hamwambii mtu "jikaze". Humsikiliza, kisha humsaidia kuchagua shida moja na hatua moja anayoiweza. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6, waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache za huzuni kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Mama yule naye alichagua hatua moja: kumwona mweka hazina peke yake, si kikao kizima. Walikubaliana awe akileta kuni za chai ya kikao mpaka apate kibarua. Kichwa bado humwuma siku nyingine, lakini analala.

Ikiwa huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili, au umewaza kujiua, usingoje. Mwambie mtu wa karibu leo, na uje kliniki. Usiogope polisi: tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinakwenda kinyume cha Katiba. Mwambie muuguzi wazi, "Nina mawazo." Na akikupa dawa ya kichwa pekee, kama nilivyofanya mimi, mwambie tena.