Maji Kwanza

Twendapo mara ya kwanza kulala hemani katika mbuga ya Tsavo Mashariki, tukiingilia Voi, huwa tunajaza gari nguo na vyakula. Maji twasema tutayapata mbele. Lakini nchi ile ni kavu, na usiku gari haliruhusiwi kutembea mbugani. Mtoto akilia kiu saa nne, tutamgongea jirani gani? Basi tupakie maji kwanza, kisha hema, kurunzi na gurudumu la akiba. Matunda tusilale nayo, ndovu huyanusa.

Wale wanawali watano wapumbavu wa Mathayo 25 walikuwa na taa; walichokosa ni mafuta, na wenzao hawakuweza kuwagawia. Imani nayo haiazimwi usiku wa dhiki. Tuipakie kungali mchana.