Cheti cha Bahari na Maji ya Mweya: Mafunzo ya Usalama kwa Manahodha wa Mfereji wa Kazinga

Mkataba wa kimataifa wa viwango vya mafunzo, utoaji wa vyeti na ushikaji zamu kwa mabaharia ulipitishwa mwaka 1978 na kuanza kutumika mwaka 1984. Mafunzo ya msingi yanayodaiwa chini yake yana sehemu nne, yaani kujiokoa majini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama binafsi pamoja na wajibu wa kijamii. Na tangu marekebisho ya Manila ya mwaka 2010, ustadi wa kujiokoa na wa kuzima moto huthibitishwa upya kila baada ya miaka 5.

Mkataba huo, hata hivyo, hauvihusu vyombo vinavyosafiri katika maji ya bara pekee, wala vya uvuvi, wala vya mbao vya muundo wa kale, na kwa hiyo boti za watalii za Mweya, nchini Uganda, na mitumbwi ya wavuvi wa Katwe, Kazinga na Katunguru zote zimebaki nje yake. Uganda ilitunga sheria ya usafiri wa maji ya ndani mwaka 2021, miaka michache baada ya boti ya starehe kuzama Ziwa Victoria, upande wa Mukono, Novemba 2018 na kuua watu zaidi ya 30. Sheria hiyo ni hatua ya lazima, lakini ustadi unaopimwa hauna budi kutokana na maji yenyewe.

Mfereji wa Kazinga, wenye urefu wa takriban kilomita 32 kati ya Ziwa George na Ziwa Edward, una viboko wengi, ambao mchana hujikusanya katika maji ya kina kifupi kando ya ukingo na usiku hupanda nchi kavu kula majani. Mvuvi ategaye nyavu jioni na kuzitoa alfajiri yumo majini saa zilezile wanyama hao wanapotoka na kurejea, na mtumbwi ukipinduka, ukingo ambao kwingineko ungekuwa kimbilio huweza kuwa ndiyo njia yao. Somo la kujiokoa lisiloeleza hilo ni pungufu, hata likitolewa na mkufunzi hodari wa bahari kuu.

Vivyo hivyo zamu, ambayo melini ni kazi ya ofisa aliye kwenye daraja la uongozaji, katika mtumbwi wa watu wawili ina maana ya mmoja kukaa omoni akitazama mbele huku mwenzake akipiga kasia, bila wote wawili kuinamia wavu kwa wakati mmoja.

Kinachostahili kuazimwa baharini ni njia ya kupima: mtahiniwa huonyesha ustadi wake kwa vitendo. Njia hiyo inamfaa mvuvi ambaye hakusoma sana, mradi maswali yaulizwe kwa Kiswahili au Lukonzo, jaketi la kuokolea livaliwe mbele ya mtahini, na mtumbwi upinduliwe kwa makusudi mwaloni Katwe, mahali palipokaguliwa kwanza, ili ionekane nani anashikilia chombo na nani anakiacha.