Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Kamati imetuomba sisi wauguzi wa chama tuseme machache kuhusu historia. Huenda wengine mnajiuliza, wauguzi na historia wapi na wapi? Vumilieni kidogo. Habari yetu inaanza na ugonjwa.

Watoto wetu huku Uingereza husoma shuleni kwamba mwaka 1498 Vasco da Gama, Mreno, aligundua njia ya bahari ya kwenda India. Wakirudi nyumbani wanatuuliza, “Mama, sisi tulikuwa wapi?” Swali hilo halijibiwi kwa kunyamaza. Tulikuwepo.

Aprili 1498 meli tatu za Wareno zilifika pwani ya Tanga. Moja, São Rafael, ikakwama kwenye mafungu. Safarini mabaharia wengi walikuwa wameugua kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C: fizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea, vidonda vilivyopona hufunguka upya, na mwisho ni kifo. Watu wa pwani wakawaendea kwa mitumbwi, mmoja umejaa machungwa. Mreno mmoja wa safari hiyo aliandika kwamba yalikuwa bora kuliko ya kwao. Walipofika Mombasa mfalme aliwapelekea machungwa mengine, malimau na miwa. Wagonjwa wakapona, na mwandishi yule akasema ni kwa sababu ya hali nzuri ya hewa. Sisi wauguzi tungeyashukuru machungwa!

Tuliosomea uuguzi huku tulifundishwa jina la James Lind, daktari wa meli aliyefanya jaribio mwaka 1747 kwa mabaharia 12 wenye kiseyeye. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi zaidi. Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilianza kuwagawia mabaharia wake maji ya malimau mwaka 1795. Hapo ilikuwa imepita karibu miaka 300 tangu mtumbwi ule wa Tanga.

Na njia ya India je? Da Gama alipewa rubani Malindi. Waliondoka Aprili 24, na Mei 20 walikuwa Calicut. Njia hiyo ilijulikana kwa wafanyabiashara wa Kiswahili, Kiarabu na Kihindi kwa karne nyingi, kila mmoja akingoja kusi na kaskazi. Wakati wa kurudi Da Gama hakungoja upepo wa msimu. Safari ikachukua karibu miezi mitatu, na kiseyeye kikaua watu 30. Alipofika tena pwani ya Tanga, Januari 1499, aliichoma moto São Rafael kwa sababu mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote.

Shukrani yao ilikuwaje? Mwaka 1502 Da Gama alirudi na mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa dhahabu. Dhahabu hiyo ilitengenezwa chombo cha kanisani kilichokamilika mwaka 1506, na mpaka leo kiko katika jumba la makumbusho Lisbon. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliteka na kupora Kilwa, kisha Mombasa. Bahari ambayo haikuwa na mwenyewe ikawekewa cheti: jahazi lisilo na karatasi ya Mreno lingeweza kutekwa na mali yake kuchukuliwa.

Ndugu zetu, pwani yetu haikuogopa wageni wala biashara. Iliishi kwa vyote viwili. Kilichoumiza ni mgeni kumnyang’anya mwenyeji haki ya kupanga bei na kushika ufunguo wa mlango wake. Ndiyo maana Desemba 9, 1961 ni siku kubwa. Siku hiyo hatukufunga mlango, tulirudishiwa ufunguo.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 1498 mambo yalikwenda kinyume, mwenyeji ndiye aliyemponya mgeni. Leo wageni ni sisi, na katika wodi za nchi hii wengi wetu tunawauguza wenyeji usiku kucha. Hiyo ni kazi ya heshima, na watoto wetu waione hivyo.

Wazazi, tusiwaachie walimu peke yao. Tuwasimulie watoto habari hizi, tena kwa Kiswahili, mezani wakati wa kula. Na nyinyi watoto, mwalimu akisema “aligundua”, nyoosheni mkono kwa adabu muulize: nani alimwonyesha njia, na nani aliwapa machungwa?