JUA NI LA BURE, BETRI SI YA BURE!

Vijana wenzangu, mgawo wa umeme tunaujua. Tuliuona 2006, tukauona 2011, na 2023 ukarudi. Kinyozi anapiga miayo nje ya kibanda, fundi wa kuchomelea anacheza bao. Sasa madukani Kariakoo mnaambiwa: nunua sola, usahau LUKU. Je, ni kweli? Kabla hujatoa hela, tupige hesabu.

Paneli ya wati 100 ikipata jua kali saa tano hutoa wati-saa 500. Ondoa zinazopotea njiani, shika 400. Taa nne za wati 5 kwa saa tano: 100. Televisheni ndogo ya wati 30 kwa saa nne: 120. Mashine ya kunyolea ya wati 15 kwa saa kumi: 150. Jumla 370. Inatosha! Lakini chomeka pasi ya wati 1,000 kwa saa moja, umekula mavuno ya siku mbili na nusu. Anayekuahidi kwamba paneli hiyo moja itapiga pasi na kupikia, huyo anataka fedha yako tu.

Paneli zenyewe si ghali kama zamani. Kati ya 2010 na 2020 bei yake duniani ilishuka kwa takriban asilimia 90, na paneli nzuri hudumu miaka 20 na zaidi. Mnapolizwa ni kwenye betri. Betri ya gari haikutengenezwa ili ikamuliwe hadi tone la mwisho kila usiku. Ukiifanyia hivyo itakufa mapema, na utanunua nyingine, na nyingine. Betri ya lithiamu ni ghali mwanzoni, lakini hudumu zaidi.

Na viwanda je? Mita moja ya mraba ya paneli hutoa takriban wati 200 jua likiwa kali. Mashine ya kusaga ya kilowati 15 inataka mita 75 za mraba au zaidi, na wingu likipita nguvu inashuka. Kwa hiyo kiwanda kinachofanya kazi mchana kitumie paa lake kupunguza bili, gridi ijazie pengo. Hapo hakihitaji betri. Kinachokesha usiku, bado kinahitaji gridi.

Tusisahau mkataba wa IPTL wa 1995: megawati 100, na malipo ya uwezo hata mitambo ikilala. Aliyeumia ni mlalahoi. Basi nyumbani kwako usinunue kitu kabla ya kujua unalipia nini.

Tangu 2018 zipo kanuni zinazomruhusu mwenye sola kuingiza umeme wa ziada kwenye gridi na kufidiwa kwenye bili. Wangapi mtaani kwenu wameambiwa? Mgombea akija kuomba kura, mwulizeni hilo kwanza, fulana na kofia baadaye!